Vidonge Nilivyomgawia Jenifer

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimerudi kutoka Moshi. Jina la ugonjwa limepatikana.

Miaka sita wananiambia ni uchovu, ni presha, ni macho tu, vaa miwani. Leo daktari kafungua bahasha — damu yangu ilipelekwa nje ya nchi tangu Septemba — akasema, Fortunata, ni ugonjwa wa mitokondria. Akachora duara kwenye karatasi, na ndani yake vitu kama punje za maharage. Anasema mwili mzima umejaa hizo, ndizo zinazoupikia nguvu. Zangu nyingine zina kasoro. Ndiyo maana kope zinaanguka jua likishapanda. Ndiyo maana ugali unanikwama kooni, na mikono inaishiwa nguvu nikishona marinda matatu tu.

Dawa ya kuponya hakuna. Kaandika virutubisho vitatu: Q10, L-kanitini na vitamini B2. Kasema mara mbili ili nisikie: wengine vinawapa nafuu kidogo, wengine hawaoni tofauti yoyote, tujaribu miezi mitatu. Alipofika kwenye moyo ndipo alipoacha kutabasamu. Ugonjwa huu unaweza kugusa umeme wa moyo, ule unaoufanya upige. Leo foleni ya kipimo ilikuwa ndefu mno, nirudi Jumanne tarehe nne Machi. Usikose, kasema.

Halafu lile jingine. Unatoka kwa mama. Mama anawapa watoto wake wote, wengine wanaumwa, wengine hawaumwi kabisa. Nikauliza, na baba je? Baba hatoi.

Kwenye basi, kuanzia Lembeni, nilifumba macho nikajifanya nimelala. Rodrick alinipokea stendi ya Same akiwa na binti yetu Jenifer. Nimemwambia mume wangu ni misuli ya macho, nimeandikiwa vidonge. Basi. Jenifer alining'ang'ania mkoba, anaimba wimbo wa shule. Ana miaka kumi.

Sikuweza kumtazama usoni.


Jumanne, 4 Februari

Nimempelekea Zaituni karatasi dukani kwake. Duka lake la dawa limepakana na kibanda changu cha cherehani, ananijua tangu nilipokuja mjini. B2 anayo. Q10 na kanitini anaagiza Dar. Kanisomea maelezo pole pole kama mwalimu. Kanitini inaweza kukufanya unuke samaki, anasema, jasho na mkojo, usije ukamgombeza mwenye genge kwa samaki wabovu. B2 itakupa mkojo wa njano kali. Usiogope. Na usimpe mtu mwingine hata akikuomba, hizi daktari kapiga hesabu kwa uzito wako wewe.

Nikamwambia, nani ataniomba vidonge vya kunuka samaki? Tukacheka.


Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada nimetoa picha za zamani sandukuni. Ya bibi. Ya mama siku ya harusi yake. Ya mama mdogo Nakundwa, yule aliyefariki nikiwa darasa la pili. Wote wameinua kidevu! Kila mmoja. Kule kijijini kwetu Mamba walisema wanawake wa ukoo wetu wanaringa, wanatembea kama wanahesabu mapaa ya nyumba za watu. Na mimi nilijivunia. Kumbe walikuwa wanatafuta njia ya kuona. Kope zimeshuka, utafanyaje — unainua kichwa.

Jenifer alikaa karibu nami akatazama. Kasema, Bibi alikuwa mrembo.

Nikazirudisha.


Jumatano, 12 Februari

Nimeanza leo. Asubuhi na jioni, baada ya chakula. Zaituni hakukosea kuhusu mkojo — rangi ya boga! Nilishtuka hata hivyo.


Jumamosi, 1 Machi

Sijui niandikeje hili bila kuliharibu. Nina nguvu.

Si nguvu za ajabu. Lakini leo nimeshona sketi saba za shule, na mkono haukulegea mpaka saa tisa. Plasta ninayobandika kwenye kope ili nitunge uzi nimeibandua mapema. Nimekula makande yote, hakuna kilichokwama. Rodrick alirudi kutoka kwenye pampu za mradi wa maji, matope mpaka magotini, akanikuta naimba. Kasimama mlangoni. Kasema, Mama Jeni, umerudi.

Kanusa kidogo, akacheka: na umerudi na samaki wako. Tulishazoea.

Labda ni vidonge. Labda ni kule kujua jina tu. Sitaki kuuliza sana.


Jumanne, 4 Machi

Sikwenda Moshi.

Nimemwambia Rodrick kliniki imeahirishwa. Nimemwambia Zaituni nina sare za watu. Ukweli nauandika hapa tu: naogopa. Naona nafuu. Nikilala kwenye kile kitanda na zile nyaya watakuta kitu. Nisipolala hawatakuta.

Najua huo si ukweli. Najua.


Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu.

Mwalimu wa Jenifer kanisimamisha sokoni. Kwa upole tu, wala hakuwa na ubaya. Kasema, mama, mwanao ni mzuri darasani, ila siku hizi anaringa, akisoma ubaoni anainua kidevu hivi, wenzake wanamwiga.

Nyanya zilinidondoka. Sikuziokota.

Nyumbani nimemkalisha mlangoni penye mwanga. Nimechukua futi yangu ya kupimia nguo nikampima jicho, kutoka kope ya chini mpaka ya juu. Kulia milimita tisa. Kushoto nane. Nikapima tena: tisa, tisa. Tena: nane, tisa. Anacheka, anasema futi inamtekenya. Kauliza, unanishonea miwani?

Nikasema ndiyo.


Jumamosi, 8 Machi

Nimempa. Nusu ya kile ninachokunywa mimi. Q10 nimeitoboa na sindano nikaikamulia kwenye uji. Kanitini nimeikata kwa wembe. B2 nzima. Nimemwambia ni vitamini za kumfanya awe hodari, siri yetu, baba asijue, tutamshangaza.

Hakuuliza mara ya pili. Kanywa mpaka kikombe kikawa kikavu.

Hicho ndicho kinachoniuma. Hakuuliza.


Jumatano, 12 Machi

Tumbo linamsumbua Jenifer. Kaenda chooni mara nne. Ni vidonge, najua ni vidonge. Au ni maembe? Wametoka shule wakapitia maembe. Nimepunguza kanitini iwe robo.

Nimepima. Kulia tisa. Kushoto nane na nusu. Jana kushoto ilikuwa nane. Imepanda? Nusu milimita! Nimefurahi mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka jana alikuwa na usingizi.

Kule kwa daktari hakuna aliyesema vidonge vinazuia ugonjwa usianze. Hakuna. Nimelisema mimi mwenyewe kichwani mwangu, likageuka kama neno la daktari.

Chupa inakwisha haraka. Vya wiki nane havitafika wiki saba.


Jumapili, 16 Machi

Nimepanda Mamba kwa mama. Gari mpaka bondeni, halafu bodaboda. Mvua imeanza, njia inateleza, nimefika nimelowa.

Mama yuko jikoni, anachambua maharage kwa vidole, kope zimefunga nusu ya macho. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mbona hukuja na mtoto? Nikasema ana mtihani. Uongo unakuja wenyewe siku hizi.

Nikamuuliza habari za Nakundwa. Mdogo wake. Alikufaje?

Akachambua mpaka maharage yakaisha kwenye ungo. Ndipo akasema. Walikuwa wanavuna tangawizi, wawili tu, asubuhi. Nakundwa alikuwa anasimulia jambo, anacheka. Akakatika katikati ya neno. Mama akadhani anatafuta neno. Kugeuka, mwenzake amelala juu ya matuta. Miaka thelathini na moja. Hakuwa anaumwa, mama anasema. Kope tu, kama zako, na kuchoka.

Watu wakasema karogwa. Wakamtaja jirani, mama mmoja mjane aliyekuwa amegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Wakamsumbua mpaka akahama, akashuka Bendera, kule tambarare, na wanawe, hakurudi tena hata kuzika ndugu zake.

Mimi nilimjua huyo mama. Alikuwa akitupa sisi watoto miwa.

Nikamweleza mama yote. Mitokondria nikaziita mbegu za nguvu. Nikamwambia zinapita kwa mama. Nilitaka kuendelea, lakini alikuwa ameshaacha ungo. Kauliza pole pole, kwa hiyo ni mimi? Ni mimi niliyekupa?

Mama, hakuna aliyempa mtu kitu. Hukujua.

Na Nakundwa angepona kama wangejua?

Sijui, mama.

Na yule mama tuliyemfukuza?

Mama alifunika uso kwa khanga. Nimeshuka mlima nimemshika dereva wa bodaboda kwa mikono miwili, na neno moja tu linanizunguka: mama hakujua. Mimi najua. Mimi najua tangu Februari.

Thelathini na moja. Mimi nina thelathini na nne.


Jumanne, 18 Machi

Naandika nimelala. Herufi zitakuwa mbaya.

Nilikuwa nashona pindo. Nilisikia moyo umepiga mara moja kwa nguvu, halafu — haukupiga. Nilingoja. Nakumbuka nilingoja kabisa, kama unavyongoja mtu amalize kukohoa. Kisha sura ya Zaituni juu yangu, na miguu yangu kaiegemeza kwenye stuli. Sindano ilikuwa bado imeuma kitambaa. Anasema ni kama nusu dakika. Anasema nilikuwa na rangi ya majivu.

Yuko kwenye mfungo, midomo imemkauka, na alinifokea kwa sauti ya watu wote kusikia. Zile sare zilipokwisha, Moshi ulikwenda? Nikasema hapana. Una wazimu wewe! Unadhani hivi vidonge vinashika moyo? Vinaweza kuusaidia msuli, na hata hilo hatuna hakika nalo. Moyo ukikatika umeme, Q10 itafanya nini?

Akachukua chupa mkobani kwangu aone ninavyokunywa. Kaitikisa. Kaitazama. Kanitazama. Kasema, Fortunata, ulichukua vya wiki nane. Leo ni wiki ya tano. Mbona vimebaki vya wiki mbili tu?

Nikafumba macho. Kwangu ni rahisi, yanajifumba yenyewe.

Kasema, mwambie mumeo leo hii, la sivyo namwambia mimi baada ya kufuturu.


Jumatano, 19 Machi

Sikumwambia. Jana alirudi kachoka, na Zaituni alikuja, akakuta Rodrick ameshika mkono wangu, nadhani akashindwa. Alimwambia kuhusu kuanguka tu. Rodrick kapanga gari la kesho alfajiri kwenda Moshi.

Leo saa tisa Jenifer karudi kutoka shule analia. Kaketi kwenye kizingiti na begi mgongoni. Rodrick ndiye aliyemwendea, mimi nimeambiwa nisiinuke. Kamuuliza, nini mama? Wenzangu wananiita dagaa. Wanasema nanuka samaki. Hakuna anayetaka kukaa na mimi.

Rodrick akacheka kidogo, wewe hata dagaa huli. Akambeba. Akaweka pua shingoni mwake, kama anavyofanya tangu akiwa mchanga.

Niliona mgongo wake ukikaza.

Hiyo harufu anaijua. Analala nayo tangu Februari. Alimshusha mtoto taratibu, akamwambia aende kuoga, atumie sabuni ya baba. Mtoto alipotoka, Rodrick akafunga mlango.

Umempa.

Nilimweleza yote. Kidevu, mwalimu, futi, uji. Kwamba unapita kwa mama. Kwamba tarehe nne haikuahirishwa. Kwamba Nakundwa alikuwa anacheka. Nilieleza nikitazama ukuta, kwa sababu kope zilikuwa zimeshachoka na sikutaka kuinua kidevu kumtazama, asidhani naringa.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alitoka akasimama kwenye tangi la maji, mvua inanyesha, na hakujikinga. Jenifer akamwita, baba utalowa!

Aliporudi kaniuliza kitu kimoja tu. Ulikuwa unaogopa nini, kwamba nitakuacha?

Nikasema, niliogopa utamtazama mtoto kama ninavyomtazama mimi.

Kisha kasema, ningekwenda na wewe. Tarehe nne. Ningeomba ruhusa kazini nikaenda na wewe.

Kesho tunakwenda wote watatu.


Alhamisi, 20 Machi — Moshi

Naandika kwenye benchi. Watu wengi. Nimeomba kalamu kwa mama mmoja wa hapa pembeni, yangu imelowa.

Muuguzi katupokea. Kauliza dawa ninazotumia, akaandika. Akauliza, kuna mwingine anayetumia? Rodrick alinitazama. Nikasema, mtoto. Mimi ndiye nimempa, siku kumi na mbili. Nikataja kiasi. Nilidhani atasimama awaite watu. Aliandika tu. Kauliza kama ameharisha, kama ametapika, kama kuna dawa nyingine. Kasema vya mtoto tusimamishe leo, vyangu niendelee navyo mpaka daktari aseme vingine. Halafu akainua kichwa, kasema kwa sauti ya chini, mama, wazazi wengi wanafanya hivyo, umefanya vizuri kusema.

Nililia. Jenifer kanipa leso yake, inanuka pipi.

Muuguzi kasema tuwapime moyo wote wawili, mama na mtoto, maadamu mmefika. Rodrick alitaka kukataa. Niliona. Kasema, huyu haumwi, tukishajua tutafanya nini, wakati dawa hakuna? Muuguzi kasema, ugonjwa wenyewe hauna dawa, lakini moyo ukiwa unapiga vibaya kipo cha kufanya, wanaweza kuweka kifaa kidogo cha kuusukuma, watu wanaishi nacho miaka. Tusipopima ndipo hatuna la kufanya. Rodrick akakaa. Akatazama mikono yake. Kasema, haya.

Tumeingia mimi na Jenifer. Nilianza mimi ili asiogope. Nyaya, jeli ya baridi, karatasi inatoka ikiwa na milima milima. Fundi wa mashine hasemi kitu, hata umtazame vipi. Kisha yeye. Alicheka jeli ilipomgusa. Akauliza kama hiyo milima ndiyo ya Upare. Fundi akacheka naye. Halafu akaangalia karatasi, akaacha kucheka. Au aliacha kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Sijui! Nimejaribu kukumbuka uso wake tangu tulipotoka, na kila nikikumbuka unakuwa tofauti.


Saa sita

Karatasi zote mbili zimeingia kwa daktari. Muuguzi kasema daktari hatafuata foleni. Mwenye haraka zaidi anaitwa kwanza, wengine watangoja mpaka alasiri.

Nimeanguka juzi. Miaka sita sasa kope hizi. Ni mimi. Lazima niwe mimi. Nimeanza kuomba iwe mimi, naomba kwa meno yaliyobanana. Nimemwambia Rodrick nikiitwa twende wote, Jenifer abaki na huyu mama mwenye kalamu.

Mama yangu kapiga simu. Kasema amekwenda mwenyewe zahanati ya Mamba, kawaambia wampime moyo. Hawana mashine. Kesho anashuka. Kauliza, mjukuu wangu je? Nikasema yupo hapa, anakula ndizi.

Anakula ndizi kweli. Anamwonyesha baba yake jinsi ya kukunja karatasi iwe boti. Rodrick anakunja vibaya makusudi. Jenifer anamcheka.

Mlango umefunguka. Muuguzi ameshika karatasi moja.

Jina analoita si langu.

Rodrick ameshasimama. Jenifer ananiuliza avue viatu tena, au aingie navyo.